Nani Aliye Mkubwa?

JUMANNE

*Soma Luka 22:24–27 na Yohana 13:1–17. Ni jambo gani lililowasumbua wanafunzi usiku ule, na Yesu alilijibu kwa njia gani?*

Angalia mahali mashindano yale yalipotokea. Hayakuwa sokoni wala barazani kwa mtawala, bali mezani pa Bwana, saa chache kabla ya msalaba. Maji yalikuwepo, beseni lilikuwepo, kitambaa kilikuwepo. Aliyekosekana ni mtumishi. Hakuna mwanafunzi aliyeinuka. Aliyeinuka ni Yesu.

Mara nyingi nafsi haina nia ya kumdhuru mtu; inataka tu isiwe chini ya mwingine. Lakini wawili wenye nia hiyo wakikutana, ugomvi umekwisha kuanza. Ndiyo maana Yakobo anatafuta chanzo cha vita ndani ya moyo (Yakobo 4:1–3).

Historia ya Nyanda za Juu Kusini inatuonyesha gharama yake. Mtwa Munyigumba wa Wahehe alipofariki, yapata mwaka 1879, mkwewe Mwambambe na mwanawe Mkwawa waligombea utawala. Ugomvi uliishia Ilundamatwe, huko Iringa, ambako Mwambambe alishindwa na kuuawa. Jina la mahali pale linakumbusha vichwa vya waliouawa. Waliogombea kiti walikuwa wawili; waliokufa kwa ajili yake walikuwa wengi, na hata upande wao ungeshinda, wasingekikalia.

Kanisani hatushiki mikuki. Hata hivyo, kamati ya uchaguzi ikimaliza kazi yake na kiongozi wa kwaya asirudishwe, nani huumia? Kwaya hugawanyika, watoto husikia maneno nyumbani, na mgeni aliyekuja kumtafuta Kristo hapa Mbalizi hukuta makundi mawili.

Je, kila anayetetea jambo ana kiburi? Hapana. Abramu alimwachia Lutu achague malisho kwanza, ili ugomvi wa wachungaji wao uishe (Mwanzo 13:7–9). Lakini Lutu alipotekwa, Abramu huyo huyo alikwenda kumpigania (Mwanzo 14:14–16). Aliachia haki yake mwenyewe, hakuiacha haki ya ndugu yake. Basi tujipime hivi: jambo hili likitengenezwa vizuri, na sifa akapewa mwingine, nitafurahi?

Kabla ya Meza ya Bwana tutatawadhana miguu tena. Ni rahisi kumtafuta rafiki na kumpita yule tusiyesalimiana naye. Yesu alimtawadha hata Yuda.

Maswali ya kujadili

1. Tutatofautishaje kati ya kutetea ukweli na kutetea heshima yetu?
2. Ni nani wanaoumia pasipo kosa, viongozi wa kanisa wanapogombana?
3. Ni nani unayepaswa kumwendea kabla ya kushika beseni? Nini kinakuzuia kwenda wiki hii?