SOMO: SAFARI YA ANGANI USIKU NA SWALA YA MSAFIRI

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila tunaposomesha nyakati za swala, huwa tunaulizwa: "Ustadh, mtu aliyeko angani huswali saa ngapi, na kibla chake kiko wapi?" Swali ni zuri. Tulijibu kwa kisa cha kweli.

KISA CHENYEWE

Tarehe 2 Machi 2023, saa 6 na dakika 34 usiku, roketi ya Falcon 9 iliruka kutoka Kennedy Space Center, Florida, Marekani. Ilibeba chombo chenye watu wanne: Stephen Bowen na Warren Hoburg wa Marekani, Andrey Fedyaev wa Urusi, na Sultan AlNeyadi, Muislamu kutoka Umoja wa Falme za Kiarabu. Kwao ulikuwa usiku mkubwa. Kwetu Afrika Mashariki ilikuwa saa 2 na dakika 34 asubuhi, wanafunzi wamo madarasani.

KWA NINI USIKU?

Kituo cha Anga cha Kimataifa huizunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 400 hivi, na humaliza mzunguko mmoja kwa dakika kama 90. Dunia nayo inajizungusha chini yake. Roketi hungoja mpaka mahali inaporushwa papite chini ya njia ya kituo. Ikikosea wakati huo itahitaji mafuta mengi mno. Wakati huo hutangulia kwa dakika zaidi ya 20 kila siku. Ukiangukia usiku, watu husafiri usiku.

Tarehe 27 Februari wasafiri hao walikwishafungwa mikanda. Zikiwa zimebaki dakika mbili na ushei, safari ikaahirishwa. Kioevu cha kuwashia injini hakikupita sawasawa, kwa kuwa chujio moja katika mitambo ya ardhini lilikuwa limeziba. Hawakusema, "Twende hivyo hivyo." Walishuka, chujio likabadilishwa, wakangoja. Siku tatu baadaye injini tisa ziliwaka pamoja, na giza likageuka mwanga. Baada ya dakika kama 9 walikuwa wakiizunguka dunia.

HUKUMU YA SWALA

Aliyeko huko huona jua likichomoza na kuzama mara 16 kwa saa 24. Je, aswali swala 80? La. Mwaka 2007, Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia aliposafiri kwenda kituo hicho katika Ramadhani, wanazuoni wa nchi yake walitoa mwongozo:

1. Swala ni tano katika saa 24, kwa saa za mahali chombo kiliporushwa. Ruhusa ya msafiri ya kukusanya na kupunguza anayo.
2. Kibla ni kwa kadiri ya uwezo: aelekee Kaaba, asipoweza, upande wa juu ya Kaaba, asipoweza, dunia, na asipoweza kabisa, popote.
3. Asiyeweza kusimama, kurukuu na kusujudu kama kawaida, ataswali kwa namna anayoiweza.
4. Saumu anaweza kufunga, au kuiahirisha na kuilipa.

Tazameni, ndugu zetu. Ruhusa zimetolewa nyingi, lakini ruhusa ya kuacha swala haimo. Nasi tunasikia kila wiki: "Nilikuwa kwenye basi," "Nilikuwa shambani," "Umeme ulikatika." Wala hatuwasemi watoto peke yao, sisi walimu na wazazi pia tujihesabu.

MAFUNZO

Kwanza, wakati ni amana. Roketi huchungiwa sekunde. Swala ina haki zaidi.

Pili, jambo dogo lisidharauliwe. Chujio moja lilisimamisha safari nzima. Udhu usiotimia huharibu swala nzima.

Tatu, elimu ya mbingu haipingani na dini. Katika Surat Aal Imran, aya ya 190, tumeelekezwa kuzingatia mbingu, ardhi na kupishana kwa usiku na mchana. Basi someni hesabu na sayansi kwa bidii ileile mnayosomea Qur'ani.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini roketi haiondoki wakati wowote ipendapo?
2. Msafiri wa angani huswali swala ngapi katika saa 24, na kwa saa za wapi?
3. Taja udhuru mmoja ulioutumia kuchelewesha swala. Je, unakubalika?

Wabillahi tawfiq.