CPA: Piga Hesabu ya Saa Kabla ya Kulipia Karatasi

Mitihani ya KASNEB hufanyika Aprili, Agosti na Desemba. Kati ya msimu mmoja na mwingine kuna takriban wiki 16, na kwa mkazi anayefanya kazi mchana, muda huo ni mfupi kuliko unavyoonekana.

Ngazi ya kwanza ya CPA ina karatasi sita. Anayesoma saa moja na nusu kila jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, kisha saa mbili na nusu Jumamosi, hupata saa 10 kwa wiki, yaani 160 kwa msimu. (Jumapili imeachwa makusudi, nguo hazijifui.) Akijisajili kwa karatasi zote sita, kila moja hupata saa zisizofika 27. Akichukua tatu, hupata saa 53.

Tofauti hiyo huonekana zaidi katika uhasibu. Somo hilo haliingii kwa kusoma maelezo tu. Mtahiniwa hutengeneza mizania kwa mkono, ikakataa kulingana, akatafuta kosa, akaanza upya. Swali moja laweza kumaliza jioni nzima. Mawasiliano hayadai muda kama huo, kwa hivyo saa zisigawanywe sawasawa.

Wiki tatu za mwisho zifaa kubaki bila mada mpya. Ni za maswali ya miaka iliyopita, saa tatu mfululizo, simu ikiwa imezimwa. Alama ya kupita ni 50, na karatasi iliyoanguka hulipiwa tena.