Umeme wa Tela la Biashara: Vidokezo 8 Kabla Hujachomeka

Tela lenye kuta na paa siku hizi ni mgahawa, saluni, hata duka la simu. Fundi akishamaliza bodi, mwenye tela hukimbilia kununua plagi. Subiri kidogo: anza na hesabu.

1. Jumlisha wati. Soma kibandiko cha kila kifaa. Tuseme unauza chipsi: kikaangio wati 3,000, birika 2,000, blenda 500, friji 200, taa 50. Jumla 5,750. Gawa kwa volti 230, unapata ampea 25. Nenda dukani na namba hiyo.

2. Punguza kabla ya kununua. Walaji wakubwa wa umeme ni vifaa vya joto. Hamishia kikaangio kwenye gesi na jumla inashuka hadi wati 2,750, yaani ampea 12. Tokeni nazo zitadumu.

3. Sasa chagua plagi. Ile ya nyumbani ya pini tatu bapa ina fyuzi ya ampea 13, lakini ukiibebesha mzigo huo kutwa nzima itapata moto. Kwa taa, friji na chaja, inatosha. Zaidi ya hapo, chukua ya buluu ya mviringo: ya ampea 16 hubeba wati 3,680, ya 32 hubeba 7,360. Nyekundu ni ya fezi tatu. Mwenye chipsi haihitaji.

4. Pini zikae kwenye tela. Ubavuni mwa tela funga kipokeo chenye pini na kifuniko cha kuzuia mvua. Ncha ya waya inayokuja hapo iwe na matundu. Waya wenye pini ncha zote mbili ni mtego: ukichomeka upande mmoja, pini za upande wa pili zina umeme na ziko wazi.

5. Usibane pesa kwenye waya. Kwa ampea 16, nunua wa milimita za mraba 2.5; kwa 32, wa 6. Na usiutumie ukiwa umeviringishwa, kwani joto hujikusanya ndani. Ukunjue wote, hata kama tela liko hatua tatu tu kutoka kwenye soketi.

6. Bodi ya chuma inataka erthi. Waya ukichubuka, tela zima linaweza kuwa na umeme, na mteja ameegemea dirisha. Weka breka kuu na kikata-umeme cha miliampea 30, na bonyeza kitufe chake cha majaribio kila mwezi. Mpe kazi fundi mwenye leseni: ya EWURA kwa Tanzania, ya EPRA kwa Kenya.

7. Jenereta na gridi visikutane. Funga swichi ya kubadilishia ili kimoja kiingie pale tu kingine kimetoka. Jenereta ikae nje, mbali na dirisha: moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua.

8. Jaribu kabla ya kufungua. Washa vyote pamoja kwa nusu saa, kisha zima na ushike plagi. Vuguvugu si neno. Ikiwa ya moto, kuna skrubu iliyolegea au umezidisha mzigo. Mwite fundi kabla hujamenya viazi.