SOMO: RUZUKU YA KUZUIA UKWEPAJI WA USHURU WA MAFUTA NA BARABARA

Madhumuni ya somo hili ni kuwaeleza wananchi namna ushuru wa barabara unavyokusanywa kwa njia ya mafuta, namna unavyokwepwa, na sababu za baadhi ya serikali kutenga ruzuku maalumu kwa ajili ya kuuzuia ukwepaji huo. Mfano mkuu umechukuliwa Gorong'a, katika wilaya ya Tarime, mkoa wa Mara.

1. Ushuru ulio ndani ya lita

Mwananchi anayenunua petroli au dizeli hulipa bei ya mafuta pamoja na ushuru wa barabara. Tanzania Bara ilitunga Sheria ya Ushuru wa Barabara mwaka 1985. Marekebisho ya mwaka 1998 yakaunda Mfuko wa Barabara na Bodi yake, yakaagiza kwamba angalau asilimia 90 ya fedha zitumike kwa matengenezo. Katika mwaka wa fedha 2015/16 kiwango kilipandishwa kutoka shilingi 263 hadi 313 kwa lita. Mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa lita, kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini zinazosimamiwa na TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017.

Mwaka huo huo wa 2017 ada ya mwaka ya leseni ya magari ilifutwa, na badala yake ushuru wa bidhaa kwenye mafuta ukaongezwa kwa shilingi 40 kwa lita. Kwa hatua hiyo, mzigo uliokuwa ukidaiwa kwa mwenye gari ulihamia kwenye pampu. Faida yake ni kwamba atumiaye barabara zaidi hulipa zaidi. Hatari yake ni kwamba anayekwepa ushuru wa mafuta huikwepa barabara nzima.

2. Hesabu ya lori moja

Tuchukue lori lenye lita 30,000 za dizeli. Kwa kiwango cha shilingi 313, ushuru wa barabara ni shilingi 9,390,000. Tukiongeza zile shilingi 100 za mwaka 2021, yaani shilingi 3,000,000, jumla inafikia shilingi 12,390,000. Lori hilo likishusha mzigo kwa siri pasipo kulipa, fedha hizo hazifiki kwenye Mfuko. Kalvati halizibuliwi na kifusi hakimwagwi.

Anayeumia si Serikali peke yake. Gorong'a iko katika nchi ya wakulima na wafugaji. Mtu mwenye mahindi, ndizi au ng'ombe wa kupeleka mnadani hutegemea njia ya udongo hadi aifikie barabara kuu ya Musoma, Tarime na Sirari. Mvua za masika zikiikata njia hiyo, nauli hupanda, mnunuzi hushusha bei, na mama mjamzito huchelewa kufika hospitali.

3. Njia za ukwepaji

Ya kwanza ni mafuta ya safari. Mafuta yaendayo nchi jirani hupita bila kutozwa ushuru wa ndani. Mfanyabiashara asiye mwaminifu huyashusha njiani, na kuandika kwamba yamevuka mpaka.

Ya pili ni mafuta yenye msamaha. Mafuta yaliyosamehewa kodi kwa kazi maalumu yakichepushwa hadi kituo cha rejareja, msamaha hugeuka kuwa faida ya mtu mmoja.

Ya tatu ni kuchanganya mafuta ya taa na dizeli au petroli. Mafuta ya taa yalikuwa na ushuru mdogo kwa kuwa yalikusudiwa taa na jiko la mnyonge. Uovu huo ulienea hata neno "kuchakachua" likatoka kwenye mafuta likaingia katika mazungumzo ya uchaguzi wa mwaka 2010.

Ya nne ni magendo ya mpakani. Tarime inapakana na Kenya, na Sirari inatazamana na Isebania. Bei za pande mbili zinapotofautiana, madumu hupita njia za panya.

4. Hatua zilizochukuliwa

Mnamo Septemba 2010, EWURA ilianzisha utaratibu wa kuweka vinasaba katika mafuta yaliyolipiwa kodi kwa soko la ndani. Mkaguzi huchukua sampuli kituoni na kuipima. Vinasaba vikikosekana au vikipungua, mafuta hayo yametoka pasipostahili au yamechanganywa. Baadaye kazi ya kuweka vinasaba ilikabidhiwa Shirika la Viwango Tanzania. Mwaka 2011 ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa ili kuondoa kishawishi cha kuchanganya, na Kenya iliweka tozo ya namna hiyo mwaka 2018, shilingi 18 za Kenya kwa lita. Hatua hiyo ilikuwa na gharama yake: mwenye kibatari alilipa zaidi kwa kosa asilolitenda.

5. Mfano wa ruzuku

Nchini Marekani, katika miaka ya 1980, magenge ya wahalifu yaliunda makampuni hewa yaliyouziana mafuta kwa makaratasi, hadi aliyepaswa kulipa kodi akatoweka. Sheria ya mwaka 1991 ikatenga ruzuku kwa majimbo kwa ajili ya kuwasaka wakwepaji wa ushuru wa mafuta na barabara. Sharti moja lastahili kuzingatiwa: jimbo linalopokea ruzuku halina ruhusa ya kupunguza fedha zake lenyewe chini ya wastani wa miaka miwili iliyotangulia. Ruzuku huongeza juhudi. Haichukui nafasi yake. Tangu mwaka 1994 dizeli isiyotozwa ushuru wa barabara hutiwa rangi nyekundu ghalani, na afisa huweza kuitambua kwa macho.

Tanzania Bara ilifuata njia nyingine: gharama ya vinasaba iliingizwa katika bei ya lita, na hivyo mlaji mwaminifu ndiye aliyelipia ulinzi. Kila njia ina hoja yake. Lakini wilaya ya mpakani, yenye njia nyingi na wakaguzi wachache, ina haki ya kuuliza kama kazi inayolinda mapato ya taifa zima igharimiwe na wilaya peke yake.

6. Funzo kwa visiwa

Barabara si jambo la Muungano. Zanzibar ina sheria na tozo zake. Hata hivyo hesabu ni ile ile. Gorong'a ina njia za panya, na visiwa vina bandari bubu. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Wananchi wanakumbushwa kudai risiti kila wanunuapo mafuta, kutonunua mafuta ya madumu yasiyojulikana asili yake, na kutoa taarifa kwa vyombo vinavyohusika.

Maswali ya kujadili

(a) Ni nani anayepata hasara mafuta ya safari yanaposhushwa njiani?
(b) Je, ni haki kupandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuzuia uchanganyaji?
(c) Ruzuku ya ukaguzi ikitolewa, ni sharti gani litahakikisha kwamba haitumiki kuziba pengo jingine?