Homa ya Ini na Hesabu ya Watoto Waliochanjwa

Katika somo hili twataka kutazama jambo ambalo kwa kwanza laonekana kuwa kazi ya madaktari na makarani wao tu, nalo ni kuhesabu watoto waliochanjwa. Watu wengi wakisikia kwamba katika wilaya fulani watoto 90 kati ya 100 wamepata chanjo, husema, "Vema," nao huona kwamba neno limekwisha. Lakini hesabu ya namna hiyo yaweza kuficha kama iwezavyo kuonyesha. Tena kwa ugonjwa wa homa ya ini, ambao ndio tutakaousema hapa, mtoto aliyeachwa, au aliyechanjwa kwa kuchelewa, huenda asione dhara lo lote mpaka awe mtu mzima wa miaka 40, mwenye nyumba na watoto, ndipo augue na kufa.

Kwanza yatupasa kutenga majina. Homa ya manjano ni ugonjwa mwingine, uletwao na mbu. Homa ya ini nayo huweza kugeuza macho ya mtu yawe ya manjano, ndiyo sababu watu huyachanganya magonjwa hayo mawili. Tena homa ya ini yenyewe huletwa na virusi, yaani vijidudu vidogo mno, vya namna tano, na madaktari wameviita kwa herufi: A, B, C, D na E. Vya A na E huingia kwa maji na chakula kilichochafuliwa na choo. Vingine hupita kwa damu. Sisi tutasema habari za B, kwa kuwa ndiyo iuayo wengi, na chanjo yake imekwisha kupimwa kwa muda wa miaka zaidi ya 40. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka wa 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na virusi vya B mwilini, na watu milioni 1.1 hivi walikufa kwa ugonjwa huo mwaka ule ule. Wengi wa hao waliokufa waliuawa na ini lililokauka na kuwa gumu, au na saratani ya ini.

Je, wamevipata wapi? Virusi hivi hupita kwa damu na kwa tendo la ndoa, kwa wembe na sindano iliyotumiwa na mwingine, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto saa ya kuzaliwa. Watoto wadogo nao huambukizana, maana hucheza pamoja wakiwa na vidonda na mikwaruzo. Na hapa liko neno moja ambalo naomba kila msomaji alishike, kwa sababu mengine yote ya somo hili yategemea hilo. Mtu mzima akiambukizwa, mwili wake kwa kawaida huvishinda virusi; katika watu wazima 100 hawafiki 5 wanaobaki navyo siku zote. Lakini mtoto mchanga aambukizwaye wakati wa kuzaliwa hana nguvu hiyo. Katika watoto wachanga 100 wa namna hiyo wasiochanjwa, kama 90 hubaki na virusi maisha yao yote. Wala hawaugui kwa kuonekana. Hunyonya, hutambaa, huenda shule, hupata kipaimara, hali ini lao laharibika kidogo kidogo.

Watu walijuaje mambo haya? Kwa kuhesabu. Mwaka wa 1883, katika mji wa Bremen, Ujerumani, wafanya kazi 1,289 wa karakana ya kuunda meli walichanjwa ndui. Siku zile dawa ya ndui waliyochanjwa ilitoka katika mwili wa mtu. Yakapita majuma na miezi, ndipo watu 191 kati yao wakashikwa na manjano. Daktari mmoja, jina lake Lürman, akaichunguza habari hiyo, akaiandika mwaka wa 1885. Hakuwa na chombo cha kuona virusi, wala hakuna mtu aliyejua neno hilo wakati ule. Alichofanya ni kuuliza ni nani waliougua na ni nani wasiougua. Akaona kwamba watu walioandikwa kazi baada ya siku za kuchanja, waliofanya kazi mahali pale pale, hawakuugua. Tena watu waliochanjwa kwa dawa ya chupa nyingine hawakuugua. Basi akajua kwamba ugonjwa ulitoka katika ile dawa.

Huenda mtu akaniuliza, Mbona wasimulia habari ya chanjo iliyoleta ugonjwa, hali wataka watu wachanje watoto wao? Naisimulia kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa mzazi aogopaye sindano asidhaniwe kuwa mjinga. Lakini ajue pia kwamba chanjo ya homa ya ini itumikayo leo haina damu ya mtu ndani yake. Tangu mwaka wa 1986 imekuwa ikitengenezwa kwa hamira, nayo haina kirusi kizima kiwezacho kuleta ugonjwa. Na sindano ikiisha kutumiwa kwa mtoto mmoja hutupwa.

Virusi vya B vyenyewe vilianza kufumbuliwa katika miaka ya 1960, wakati daktari Baruch Blumberg wa Marekani alipoona alama yake katika damu ya mtu mmoja wa Australia. Kwa kazi hiyo akapewa tuzo ya Nobel mwaka wa 1976. Lakini kuona alama katika damu si kujua madhara yake. Mmarekani mwingine, Palmer Beasley, pamoja na wenzake, alikwenda kisiwa cha Taiwan, ambako watu wengi walikuwa na virusi hivi, akawapima damu wanaume 22,707. Katika hao 3,454 walionekana kuwa na virusi. Kisha wakangoja, wakiandika kila aliyekufa na sababu ya kufa kwake. Habari ilipotolewa mwaka wa 1981, wanaume 41 walikuwa wamekufa kwa saratani ya ini. Sasa sikilizeni: 40 kati yao walitoka katika lile kundi dogo la wenye virusi, na mmoja tu katika kundi kubwa la wengine wote. Sijui kama kuna haja ya kuieleza hesabu hiyo zaidi.

Basi mwezi wa Julai, 1984, serikali ya Taiwan ikaanza kuchanja watoto wachanga waliozaliwa na mama wenye virusi, na mwaka wa 1986 ikaongeza watoto wachanga wote. Katika mji wa Taipei, mwaka ule wa 1984, watoto karibu 10 katika 100 walikuwa wakibeba virusi. Walipopimwa tena mwaka wa 1999, hawakufika hata mmoja katika 100. Na saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 hata 14, ambayo hata zamani ilikuwa haba, ilipungua karibu nusu katika miaka michache. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuonekana kwamba chanjo yaweza kuzuia saratani katika watu.

Sasa turudi kwenye ile hesabu ya 90 kati ya 100. Waalimu wa sharika wanayo mazoea ya vitabu, kwa hiyo wataielewa upesi. Tuseme muuguzi wa zahanati ana kitabu chenye majina ya watoto 200, naye amechanja 190. Hupiga hesabu na kupata 95 katika 100. Lakini tuseme tena kwamba katika vijiji vyake wamo watoto 250, na 50 kati yao hawakuletwa zahanati hata siku moja. Basi waliochanjwa ni 190 katika 250, yaani 76 katika 100. Muuguzi hakusema uongo; alihesabu wale aliowaona. Ni sawa na mwalimu ahesabuye wanafunzi waliomo darasani na kusahau wale walioko malishoni. Mara nyingine makosa huwa upande wa pili, hata wilaya ikapeleka habari kwamba imechanja watoto 105 katika kila 100, jambo lisilowezekana, ila tu watoto wa wilaya jirani wameletwa kwao, au hesabu ya watu ni ya zamani.

Kwa sababu hiyo watafiti hawatosheki na vitabu vya zahanati, bali huenda nyumbani kwa watu. Njia iliyotumika sana tangu miaka ya 1970 ni hii: huchagua vijiji au mitaa 30 kwa kura, na katika kila kimoja hutafuta watoto 7, jumla 210, kisha huomba kuona kadi ya kila mtoto. Kadi ndiyo shahidi. Mama asiye na kadi huulizwa, naye hujibu kwa kukumbuka, na kukumbuka kwetu sote kwapungua. Mtafiti mwangalifu hutazama pia kama mtoto alimaliza sindano zote, maana wako wengi wapatao ya kwanza na kukosa ya tatu.

Lakini kwa homa ya ini liko swali ambalo kadi nyingi hazilijibu, nalo ni siku ya sindano ya kwanza. Tanzania ilianza kutoa chanjo hii kwa watoto wote mwaka wa 2002, ikichanganywa na ile ya dondakoo, kifaduro na pepopunda, nayo hutolewa katika juma la 6, la 10 na la 14. Hiyo huwakinga vema na maambukizo ya utotoni, ambayo katika Afrika ni mengi. Ila yule aliyeambukizwa saa ya kuzaliwa, juma la 6 humkuta ameisha chelewa. Huyu huandikwa katika kitabu kwamba amechanjwa mara tatu, kamili, naye amebeba virusi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lilitoa shauri mwaka wa 2009 kwamba kila mtoto apate sindano ya kwanza kabla ya kutimiza saa 24. Mwaka wa 2022 watoto waliopata sindano hiyo ya kuzaliwa duniani walikuwa 45 katika 100. Katika Afrika hawakufika 20. Shida yake si fedha tu. Mtoto aliyezaliwa nyumbani, usiku, mbali na barabara, nani atamfikia kwa saa 24?

Kwa hiyo kumpima damu mama mja mzito kuna faida kubwa, kwa sababu mwenye virusi aweza kupewa dawa, na kujifungua mahali ambapo mtoto atakingwa mara. Wengine hukataa kupimwa kwa kuogopa kutengwa. Watu wa usharika wajue kwamba virusi hivi havipiti kwa kula pamoja, wala kwa kushikana mikono, wala kwa kunywea kikombe kimoja, na mama aweza kumnyonyesha mtoto wake.

Neno la mwisho ni kwa waalimu waandikao vitabu vya ubatizo. Katika Tanzania mama aliyezaliwa kabla ya mwaka wa 2002 hakupata chanjo hii katika chanjo za kawaida za utotoni. Mnapomwandika mtoto, mwaka wa kuzaliwa mama yake mara nyingi mwaujua. Muulizeni kama alipimwa, na kama yu mjamzito tena, mwelekezeni zahanati kabla miezi haijasogea.