Mafunzo Niliyopata kwa Watoto wa Mwaloni

Wadogo zangu mnaoingia elimu maalum huwa mnaniuliza niwaelekeze. Mnataka kujua kitabu gani, mbinu gani, chuo kipi. Nitawajibu kwa yaliyonikuta hapa Rumonge, kwa sababu vitabu nami nilivisoma na bado nilipotea.

Nilikulia Ulyankulu, mkoani Tabora, kwa wakimbizi wa Burundi wa 1972, nikarejea nyumbani pamoja na wengine waliorudi kuanzia 2008. Nilivuka na Kiswahili changu, Kirundi cha kuungaunga, Kifaransa cha kuombea maji tu, na kiburi cha mtu aliyewahi kuziona shule za wenye ulemavu huko Tanzania. Kiswahili kimenisaidia. Kiburi kimenichelewesha.

1. Uliza nani anabaki nyumbani

Mwaka 2005 serikali ya Burundi ilifuta ada ya shule za msingi. Madarasa yakafurika, watoto mia na zaidi wakabanana chumba kimoja, na mtu akichungulia mlangoni angeapa kwamba hakuna mtoto aliyesalia kijijini. Nami niliamini hivyo. Nilipita nyumba kwa nyumba kwenye mitaa ya karibu na ziwa, daftari mkononi, nikiuliza kila mlango: "Hapa kuna mtoto mwenye ulemavu?" Hakuna. Hakuna. Hakuna kabisa, mwalimu, karibu chai. Nikarudi nimeandika sifuri mfululizo, na nikajisifu kwamba kazi imekwenda haraka.

Aliyenizindua ni mama mmoja aliyekuwa akigeuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, juani pale mwaloni, wavuvi wanapoegesha mitumbwi. Alinitazama kwa huruma ile wanayotazamwa wasomi. "Mwalimu, unauliza vibaya. Uliza nani anabaki nyumbani sisi tukiwa hapa mwaloni."

Niliporudi kwenye nyumba zilezile na swali lake, watoto walitokea. Mmoja hasikii. Mwingine ana kifafa, mama yake anahofia ataangukia jikoni. Wa tatu hajawahi kusimama. Nilikuwa nimejiandaa kukuta aibu na watoto waliofichwa, na kweli wapo. Kilichonishangaza ni wale wazazi ambao hawakuwa wameficha chochote: mtoto wao, kwa maneno yao, "anachelewa kusema tu", na swali langu la kwanza halikumhusu.

Baadaye nikaja kusoma kwamba wataalamu wa takwimu waliokutanishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2001, wale wa Washington Group, walitunga maswali sita ya aina hiyohiyo: je, unapata shida kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia, kuwasiliana? Ulemavu wenyewe hautajwi popote. Yule mama wa ndagala hakuwasubiri. Wewe chukua maswali hayo sita, kaa chini kwenye mkeka, na usikimbilie kuandika.

2. Mtoto kiziwi ana mikono yenye maneno tayari

Hapa nitakaa kidogo, kwa maana hapa ndipo nilipojiaibisha zaidi.

Tabora kuna shule ya viziwi iliyoanza mwaka 1963, ya kwanza Tanzania. Zamani katika shule nyingi za aina hiyo duniani mtoto alifundishwa kusoma midomo na kulazimisha sauti, mikono ikikatazwa. Katazo hilo lilitoka mbali: mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana Milan, karibu wote wakiwa watu wanaosikia, wakapiga kura kwamba kusema kwa mdomo ndiko bora. Ilipita miaka 130 kabla ya mkutano wa aina hiyohiyo, huko Vancouver mwaka 2010, kutamka majuto. Mimi nilijiona niko mbele ya hayo yote. Nilijua ishara! Nilizibeba kutoka Tanzania kama mtu anayeleta chumvi kwenye nyumba isiyo na chumvi.

Mwanafunzi wangu wa kwanza kiziwi alikuwa mtoto wa mvuvi. Nikamwonyesha ishara ya samaki. Akanitazama, akatazama ziwa, akanitazama tena. Kumbe yeye alikuwa na ishara ya mukeke, nyingine ya ndagala, nyingine ya sangala, moja ya mtumbwi unaotoka usiku na taa, na moja, ambayo mtaa mzima uliijua, ya mchuuzi anayechezea mizani. Mimi nilikuwa na samaki mmoja tu. Hata hivyo nilishinda muhula mzima nikimkunja vidole ili awe na samaki wangu.

Kisha nikampata fundi cherehani, kiziwi, aliyesomea Bujumbura. Alipoona ishara zangu alicheka hadi akaweka mkasi chini. Nyingi hakuzitambua. Shule nyingi za viziwi katika nchi za Afrika zinazotumia Kifaransa zilianzishwa na Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi mwenyewe, wa kwanza wa rangi yake kuhitimu Gallaudet, chuo cha viziwi cha Marekani, mwaka 1954. Alianzisha shule zaidi ya 30 barani kabla ya kufa kwa ajali ya ndege nchini Rwanda mwaka 1987, na ishara za Kimarekani zilisafiri naye. Tanzania ilikuwa na njia zake, kila shule na ishara zake. Nilikuwa nimevuka mpaka wa lugha bila kujua kuwa upo.

Fundi na yule mtoto walikaa kwenye benchi, nami pembeni kama mgeni asiyeelewa mazungumzo. Walianza na ishara za mtoto. Fundi alizitumia zote, hata ya mchuuzi, kisha akaongeza zake. Siku zilipopita ndipo nikajua jambo lililoninyima usingizi: mtoto yule alikuwa akiamini kwamba akikua ataanza kusikia. Hakuwahi kumwona mtu mzima kiziwi. Kwa hesabu yake, uziwi ni wa watoto.

Kwa hiyo, kabla ya kutafuta kamusi ya ishara, tafuta mtu mzima kiziwi. Kinyozi, fundi, muuza mawese, yeyote. Mlete darasani, umlipe, hata kama ni kwa mchango wa wazazi. Atafundisha kwa kuwepo kwake tu jambo ambalo wewe na mimi hatuwezi kulifundisha.

3. Si kila mwanga ni msaada

Msichana mwenye ualbino alipofika darasani nilimweka mbele, kando ya dirisha, penye mwanga tele. Alitokwa na machozi asubuhi yote, pua ikigusa daftari. Aliponitazama aligeuza kichwa upande, nami nikamnyoosha shingo kwa upole wa kipumbavu: "Nitazame vizuri, mwanangu."

Macho ya mwenye ualbino hayana rangi ya kutosha kuzuia mwanga, kwa hiyo dirisha linamuumiza. Pia huchezacheza yenyewe, na mtoto hugundua pembe fulani ya kichwa ambapo yanatulia. Kichwa cha upande ndiyo dawa aliyojitengenezea, na mimi nilikuwa nikimpokonya. Miwani husaidia kwa kiasi, haimalizi tatizo. Mkalishe mbele lakini dirisha liwe mgongoni kwake, mruhusu kofia hata ndani, mwache asogee ubaoni apendavyo au anakili kwa jirani yake.

Kisha uliza nani anamsindikiza. Mwaka 2008 watu wenye ualbino waliuawa huko Ruyigi kwa ajili ya biashara ya viungo, na mwendesha mashtaka wa mkoa ule, Nicodème Gahimbare, akawahifadhi wengine kwake nyumbani. Ng'ambo yetu Tanzania, huko Kabanga wilayani Kasulu, shule ilipokea watoto wengi waliokimbia hofu hiyohiyo. Mama wa msichana wangu, aliyekuwa akingoja langoni kila adhuhuri, hakuwa anamdekeza binti yake.

4. Vifaa vipo, ila havijapakwa rangi ya msaada

Nilingoja mashine ya Braille mpaka nikachoka kuandika barua. Herufi za Braille ni nukta sita tu, tatu kushoto na tatu kulia. Mzee mmoja, mpenzi wa kibuguzo, bao letu la mashimo, aliponisikia nikilalamika alileta ubao wake wa kuchezea, tukachagua mashimo sita, na mtoto asiyeona akajifunza herufi kwa kutia kokwa za michikichi. Mawese ndiyo maisha ya Rumonge, kokwa hazikosekani. Baadaye tulipata kibao na kalamu ya kutobolea, na karatasi tukaitafuta kwenye kalenda kuukuu, ambazo ni nene na hushika nukta. Tahadhari moja: kwa kibao unaandika kutoka kulia kwenda kushoto, ukigeuza karatasi ndipo inasomeka. Jina langu la kwanza kuandika lilisomeka kinyumenyume. Wanafunzi walilisoma hivyohivyo, kwa sauti, mwaka mzima.

Kinyume chake ni kiti cha magurudumu tulicholetewa kwa sherehe, na picha zikapigwa, nami nimo, nimetabasamu kuliko mwenye kiti. Kilikuwa cha hospitali, chenye magurudumu madogo ya mbele. Kwenye mchanga wetu kilizama hatua ya pili. Ziwa lilipopanda, 2021 na tena 2024, hata njia ya mchanga ikawa matope, na kiti kikaishia sebuleni kukaliwa na wageni. Mtoto yule, mwenye mtindio wa ubongo, alifaidika zaidi na kiti cha kona tulichomtengenezea kwa maboksi na gundi ya unga wa muhogo, tabaka juu ya tabaka, kikakaushwa juani. Alipoketi wima alianza kumeza bila kupaliwa, na mikono yake ikapata kazi. Pima njia kabla ya kupokea gurudumu.

5. Mkemee kama wenzake

Kijana mmoja mzito wa kujifunza nilimsamehe kila kitu. Akichelewa, sawa. Akimpokonya mwenzake embe, maskini. Daftari tupu nililiwekea alama ya "vizuri". Siku moja aliniona nikiwafokea wavulana wengine kwa utoro, akaja baadaye, amenuna. "Mwalimu, mimi pia sikuja jana."

Sikuwa na jibu. Alikuwa akidai haki yake ya kukemewa, na nilimpa palepale, kwa sauti ile niliyowapa wengine. Alirudi kwenye benchi akiwa ameinua mabega. Leo anapima mawese sokoni na hakosei chupa. Ukimpunguzia bei kwa huruma anakasirika.

6. Tembea na karatasi

Hili ni fupi. Burundi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2014, na kifungu chake cha 24 kinahusu elimu. Tarehe 10 Januari 2018 ikapata sheria yake yenyewe ya kukuza na kulinda haki hizo. Kwa miaka mingi nilikuwa nikienda kwa wakuu wa shule kuomba, kofia mkononi, na jibu lilitegemea mheshimiwa ameamkaje. Nilipoanza kwenda na nakala ya sheria, nimepigia mstari pale panapohusika, mazungumzo yalibadilika. Yakawa mafupi, na yakaanza kuhusu dawati.

Usiende peke yako. Nenda na mzazi, na mtoto mwenyewe awepo, asiachwe nje ya ofisi kama mzigo. Mkuu akisema darasa limejaa, kubali kuwa limejaa, maana ni kweli. Kisha muulize ni nani atakayekaa naye dawati la mbele, na usubiri ataje jina la mwanafunzi. Akishalitaja, andikisheni.