Tangi la Bahari Mjini Juba: Hukumu Yake na Mahitaji Yake

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Katika darsa letu la Alhamisi baada ya Magharibi, ndugu mmoja wa mwaka wa tatu aliuliza swali ambalo wengine walilicheka, nami naona halikustahili kuchekwa. Ami yake amerudi kutoka Dubai na anataka kuweka sebuleni tangi la maji ya chumvi, lenye matumbawe hai na samaki wa rangi, kama alivyoona huko. Ami ni mtu wa safari, kwa hiyo mtunzaji atakuwa ndugu yetu huyu. Je, kisheria inafaa? Na hapa Juba inawezekana? Kwa kuwa nasoma baiolojia, nimeombwa niandike jibu kwa urefu. Katika fiqhi mimi ni mwanafunzi kama ninyi, na sehemu ya hukumu ameipitia ustadhi wetu kabla ya kuchapishwa.

Kiumbe chenyewe

Suratur-Rahman, aya ya 22, inataja lulu na marijani. Wafasiri wamekhitalifiana: wako waliosema marijani ni lulu ndogo, na wako waliosema ni kito chekundu cha baharini. Kiswahili kimelichukua neno kwa maana hii ya pili. Matumbawe yanayojenga miamba ni jamaa ya marijani, lakini si kitu kimoja, na ndiyo anayoyataka ami.

Tumbawe si jiwe wala si mmea. Ni mnyama, au tuseme kijiji cha wanyama wadogo wanaoitwa polipi. Kila mmoja ana mdomo mmoja uliozungukwa na minyiri, na chini yake anajenga kikombe cha chokaa. Vikombe hivyo vikirundikana kwa mamia ya miaka ndipo hupatikana mwamba. Nyumba za kale za Lamu, za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za Suakin zilijengwa kwa mawe hayo. Suakin nimeitaja kwa makusudi. Ni bandari ya kale ya mahujaji kwenye Bahari ya Shamu, na hadi tarehe 9 Julai 2011 mtu wa Juba angeweza kusema kuwa nchi yake ina miamba ya matumbawe. Mwamba wa Sanganeb, ulioko mbele ya Port Sudan, uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2016. Leo bahari iliyo karibu nasi kwa barabara ni ya Mombasa, zaidi ya kilomita 1,500.

Jambo moja katika maumbile ya tumbawe ndilo linalobeba makala hii yote. Ndani ya nyama yake wanaishi mwani wadogo mno wasioonekana kwa macho. Mwani hao huchukua mwanga, wakatengeneza sukari, na sehemu kubwa ya sukari hiyo humlisha mwenyeji wao. Polipi hukamata pia vidudu vinavyopita majini, lakini kwa aina nyingi hicho ni kitoweo tu. Ugali wao ni mwanga.

Hukumu

Hadithi mbili zinatosha kuanzia. Ya kwanza ni ya Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik (R.A.), aliyekuwa na kindege cha kuchezea. Mtume (S.A.W.) alikijua kindege hicho, na kilipokufa alimliwaza mtoto huyo na hakumkemea kwa kuwa nacho. Wanachuoni, akiwemo Ibn Hajar katika sherehe yake ya Sahihi Bukhari, wamechukua hapo ruhusa ya kufuga ndege tunduni. Ya pili inajulikana zaidi: mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Imo katika Bukhari na Muslim. Alimfungia mpaka akafa, hakumlisha, wala hakumwacha aende akajitafutie.

Tazama sababu ya adhabu ilivyoelezwa. Kufungia peke yake hakukutajwa kuwa ndiyo kosa. Kilichotajwa ni kufungia bila chakula na bila kuachia. Kwa hiyo mfugaji ana milango miwili ya kutokea: alishe, au aachie. Ukiwa na kuku na umeshindwa kumlisha, utamfungulia na atachakura jalalani. Lakini samaki wa bahari utamwachia wapi hapa Juba? Ukimtupa Bahr el Jebel atakufa, kwani mwili wake umeumbwa kwa maji ya chumvi. Mlango wa pili umefungwa tangu siku ulipomleta, na umebaki na mlango wa kulisha peke yake.

Ama kununua samaki wa kutazama tu, fiqhi ya Kishafi inashurutisha kuwa kinachouzwa kiwe na manfaa, na vitabu vyake vinamtaja tausi, ambaye manfaa yake ni rangi yake. Samaki wa mapambo wanaingia hapo bila taabu. Asili ya jambo, basi, ni kuwa inafaa, kwa sharti la kulisha na kutodhuru. Sasa tuliangalie sharti hilo kwa vipimo.

Kulisha kwa umeme

Tuchukue tangi la lita 200, ambalo kwa kazi hii ni la wastani. Taa ya LED ya wati 100 ikiwaka saa 10 inatumia wati-saa 1,000. Pampu ya kuzungusha maji ya wati 30, usiku na mchana, 720. Pampu mbili ndogo za kuleta mkondo, za wati 10 kila moja, 480. Chombo cha kutoa uchafu kwa povu, wati 15, 360. Jumla ni zaidi ya uniti mbili na nusu kila siku, kabla hujagusa suala la joto.

Na joto ndilo suala. Matumbawe yanapenda maji ya nyuzi 25 hadi 27 hivi. Joto likizidi kwa muda, tumbawe humfukuza yule mwani, hubaki jeupe, na lisipompata tena hufa kwa njaa. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto, miamba mingi ya Kenya na Tanzania iligeuka meupe namna hiyo na matumbawe mengi yakafa. Bahari yote ilishindwa kujipoza, sembuse tangi la sebuleni mwezi wa Machi Juba, wakati hewa ya mchana inapita nyuzi 35! Mashine ya kupoza maji ya wati 200 ikifanya kazi saa 10 inaongeza uniti mbili. Iko njia ya maskini: feni ndogo inayopuliza juu ya maji. Kiangazi chetu ni kikavu, na maji yakikauka kwa upepo hujipoza kwa nyuzi mbili, tatu. Ni kanuni ile ile ya mtungi wa udongo ambao bibi zetu wameutumia miaka yote bila kuiita fizikia.

Umeme wa Juba wote tunaujua. Kukatika kuna madhara ya aina mbili, na yana haraka tofauti. Giza la siku moja au mbili matumbawe huvumilia, kama yanavyovumilia mawingu baharini. Giza la majuma ni njaa. Lakini pampu zikisimama, hewa majini hupungua. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo kuliko ya baridi, na ya chumvi kidogo kuliko matamu, kwa hiyo tangi lililojaa samaki linaweza kufa katika saa chache za usiku mmoja. Kwa sababu hiyo, kitu cha kwanza kununua, kabla hata ya kioo, ni betri. Betri ya volti 12 ya Ah 50, ukitumia nusu yake tu ili isiharibike, inaendesha pampu moja ya wati 10 kwa saa 30. Ami akisema betri ni gharama ya ziada, amejibu swali lake mwenyewe.

Maji na chumvi

Chumvi ya jikoni haifai. Hiyo ni kloridi ya sodiamu karibu peke yake, na bahari ina magnesi, kalsi, potasi na vingine, ambavyo tumbawe huvihitaji kujenga kikombe chake. Inatakiwa chumvi maalumu ya matangi, gramu 35 hivi kwa lita. Lita 200 zinataka kilo 7 za kuanzia, kisha gramu 700 kila wiki ukibadilisha sehemu ya kumi ya maji. Maji yakipungua kwa kukauka, ongeza maji matamu tu, kwa sababu chumvi haiondoki na mvuke. Anayeongeza ya chumvi kila siku anawapikia samaki wake achari.

Maji hayo matamu lazima yachujwe kwa mashine ya utando, maana ya boza yana tope na madini yasiyofaa. Mashine za nyumbani mara nyingi hutoa lita moja safi na kumwaga tatu. Tupige hesabu: lita 20 za kubadilisha kwa wiki, na tuseme lita 3 zinakauka kila siku kwa lile feni, jumla lita 41. Ili kuzipata unapitisha lita 164 mashinini, yaani jerikani nane na ushee. Katika mtaa ambamo jirani anahesabu jerikani kwa noti, hili si dogo. Dawa yake ipo: maji yanayomwagwa ni masafi kwa matumizi mengine, yakingwe yafulie, yaoshe sakafu, hata kutawadhia yanafaa. Akiyaacha yaende mferejini, hapo ndipo neno israfu linapomhusu.

Kisha subira. Kinyesi cha samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Aina moja ya bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo ni sumu pia, na aina nyingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Bakteria hao wanahitaji wiki nne hadi sita kukaa sawa ndani ya mawe na mchanga. Wapo wanaoanza kwa kutia samaki wa bei rahisi ili amonia ipatikane, wakijua watateseka. Amonia ya kuanzishia inapatikana bila mnyama, kwa chakula kidogo kinachooza, kwa hiyo sioni udhuru wao ni upi.

Samaki wasiolishika

Wako samaki ambao huwezi kuwalisha hata ukiwa na umeme wa mji mzima. Baadhi ya wale wapana wa manjano wanaofanana na kipepeo hawali ila polipi hai. Mandarini, samaki mdogo wa rangi za ajabu, hutafuta vidudu hai mchana kutwa, na katika tangi jipya hukonda mpaka akafa mbele ya chakula asichokitambua. Yule mwembamba mwenye mstari mweusi anayewasafisha wenzake naye mara nyingi huishia hivyo. Dukani wote wanauzwa, na wanavutia. Kwa maoni yangu kumnunua samaki wa namna hii ukijua hali yake ni kisa cha paka chenyewe, na ustadhi hakunipinga katika hilo.

Wenye kufaa ni wachache na wanatosha: wale wa rangi ya machungwa na mistari myeupe, waliojulikana kwa filamu ya Finding Nemo ya mwaka 2003, ambao siku hizi huzalishwa matangini na hula chakula kikavu. Matumbawe nayo yanunuliwe yaliyokuzwa kwa vipande, yasiwe yaliyobanduliwa mwambani. Sababu si za kimaumbile tu. Ufilipino wako waliotumia sumu ya sianidi tangu miaka ya 1960 kuwalegeza samaki wa mapambo, na sumu hiyo huua matumbawe yanayowazunguka. Mwamba una watu wanaokula kutokana nao. Kisiwani Misali, karibu na Pemba, ambacho jina lake wenyeji hulihusisha na msala wa kusalia, wavuvi Waislamu walifundishwa hifadhi kwa kutumia Qur'ani baada ya kisiwa kutangazwa hifadhi mwaka 1998. Isitoshe, matumbawe ya mawe yote yamo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, hayavuki mpaka kihalali bila kibali. Kipande kilichofichwa ndani ya sanduku kutoka Mombasa ni magendo.

Jibu kwa ndugu yetu

Ikiwa ami ana sola na betri, ananunua vilivyozalishwa, na yuko tayari kungoja wiki sita mbele ya tangi tupu, sioni kizuizi. Ikiwa anategemea umeme wa mtaani na jenereta ambayo dizeli yake atainunua mpwa wake kwa posho ya mwanafunzi, basi mpwa akatae kwa adabu, tena akatae sasa, kwa sababu baadaye hakuna pa kuwaachia. Amana huangaliwa kabla ya kupokelewa.

Na kama ni hamu ya kuona viumbe wa Allah majini, Suratu Fatir, aya ya 12, inataja bahari mbili, tamu na ya chumvi. Ile tamu inapita hapa mjini petu. Perege wadogo na gogogo wamezoea joto letu, hawahitaji chumvi ya dukani, na pampu moja ya hewa inawatosha. Ningeanza nao.

Limebaki swali ambalo dada mmoja aliliuliza kwa utani: je, maji ya tangi la chumvi yanafaa kutawadhia? Ya bahari yenyewe ni tohara, kwa hadithi mashuhuri ya Abu Hurayra (R.A.). Lakini Mashafi wanatofautisha: maji yaliyobadilishwa na chumvi itokanayo na maji hubaki yenye kutoharisha, na yaliyobadilishwa sana na chumvi ya mlimani hayabaki hivyo. Chumvi ya matangi hutengenezwa kiwandani kwa kuchanganya madini, na ustadhi anaona iko karibu zaidi na ile ya mlimani. Basi tawadha kwa yale yaliyomwagwa na mashine, na ya tangi waachie samaki. Wallahu aalam.